Mke wa Mwandu Kala Samaki

Aliyeitoa nje siri ya Dafroza alikuwa kuku. Mtetea mwekundu alichomoka nyuma ya jiko mbio, mdomoni ana kichwa cha samaki, wenzake watano wanamfukuza wamnyang'anye, na msafara huo wote ukakatiza katikati ya ua mbele ya macho ya Nyamburi, mwenye kuku. Nyamburi alikuwa anapepeta mtama. Aliweka ungo chini, akamdaka yule mtetea kwa bawa, akamkaba shingo mpaka akaachia. Kichwa kilikuwa cha sato, kimepikwa, kimefyonzwa vizuri hadi mashimo ya macho.

Katika boma lile samaki alikuwa mwiko kwa mwanamke mwenye mimba. Wanaume walikula wakienda Bunda mnadani, watoto walikula dagaa kwa majirani na hakuna aliyewauliza, lakini tumbo likishaanza kuonekana, mwanamke haonji hata mchuzi. Samaki hana sauti, ndivyo walivyoamini, na mtoto aliyelishwa samaki tumboni atatoka hana kilio, mdomo unafunguka na kufumba bure, kisha anakufa. Nyamburi hakuhitaji kusimuliwa. Yeye mwenyewe aliwahi kumzaa mmoja wa namna hiyo, akamzika nyuma ya zizi, na tangu siku ile hakutaka kusikia neno la mtu yeyote kuhusu samaki.

"Dafroza!"

Mkamwana wake alitoka jikoni akijishika kiuno. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Alikuwa mtu wa Rukuba, kisiwani, amezaliwa kati ya nyavu na vichanja vya kuanikia dagaa, na huku Nyamuswa kwa watu wa ng'ombe na pamba walimwita "mvuvi" hata pale alipokuwa anapalilia kuwashinda wote.

"Hii ni nini?"

"Ni kichwa cha samaki, mama."

"Kichwa nakiona! Mwili alikula nani?"

Dafroza angeweza kumsingizia paka. Mwanamke mwingine angefanya hivyo, na pengine siku ile ingeishia hapo. Lakini alikuwa amechoka kula kwa kujificha, amechoka kuosha mdomo kwa majivu, na uchovu ukishafika mahali fulani unamfanya mtu aseme kweli bila kupima.

"Nimekula mimi. Jana. Nesi wa kliniki alinipima, mama, akasema damu iko saba. Akasema nile samaki, nile maini, nile mayai. Maini hapa wanakulaga wanaume. Mayai mlinikataza. Sasa mimi nile nini?"

"Ule wanachokulaga wenzako."

"Wenzangu wanaangukaga kisimani, mama. Mimi sitaki kuanguka."

Nyamburi alichota majivu jikoni, akayakoroga kwenye kopo la maji pamoja na magadi, kwa sababu ndiyo dawa ya kumtapisha mwanamke aliyekula mwiko, na alimnywesha kwa mkono wake mwenyewe. Alimbana Dafroza ukutani, akamkamata taya, akammiminia. Dafroza alimng'ata kidole mpaka damu ikatoka. Nyamburi hakuachia. Wakasukumana hivyo, wanawake wawili wanahema kwa nguvu bila kupiga kelele, kopo linagonga meno, hadi maji yote yakaingia na Dafroza akapiga magoti akatapika. Kilichotoka ni uji na maji ya njano. Sato alikuwa ameliwa tangu jana, ameshakwenda zake.

"Haijatoka," Nyamburi alisema, akiuangalia ule uji. Sauti yake ilikuwa na hofu kuliko hasira. "Iko kwa mtoto."

Hapo ndipo alipofanya lile ambalo baadaye angelirudia kichwani mwake mara nyingi kuliko pigo lolote. Aliokota kile kichwa cha sato, akatoka nacho nje ya boma, akaenda hadi shambani walipokuwa wanavuna pamba. Angeweza kumwita mwanawe pembeni. Hakumwita. Mwandu alikuwa na wavunaji sita, wanaume kwa wanawake, na mbele ya wote hao mama yake alikitupa kile kichwa juu ya gunia la pamba nyeupe.

"Chakula cha mke wako hicho. Na mimba yote ile."

Kisha mmoja akacheka, na kicheko kikaambukiza.

"Mwandu, kumbe umeoa kamongo?"

"Huyo mtoto akitoka na mapezi, ndugu yangu, utamchungia wapi? Itabidi uchimbe bwawa!"

Mwandu hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa mtu mzuri wa kutuma, mvumilivu kwa ng'ombe, na asiyejua kabisa la kufanya watu wakimcheka. Aliacha mfuko wa pamba pale pale, akatangulia nyumbani, mama yake akimfuata nyuma kwa hatua fupi za haraka.

*

"Nani anakuletea?" Mwandu alimuuliza mke wake.

"Kaka Masatu. Anazituma kutoka Makoko, Gody ananifikishia na bodaboda."

"Gody anaingia nyumbani kwangu mimi sipo?"

"Anaishiaga barabarani, baba. Ananipa mfuko, anaondoka."

Kwa Mwandu hilo lilikuwa jambo jingine na baya zaidi. Alikwenda kituoni Nyamuswa, kijiwe cha bodaboda, akamkuta Gody ameegemea pikipiki anakula muwa. Hakumsalimia. Alimpiga ngumi ya mdomo, akampiga ya pili akiwa chini, akasema "samaki zako ndizo hizi," mpaka wenzake Gody walipogundua kwamba haukuwa utani. Walikuwa wanane. Walimvuta shati likachanika, wakampiga mateke, wakamvua kiatu kimoja wakakirusha juu ya paa la duka. Wanawake wa gengeni walisimama kutazama. Mwenye duka alipiga picha kwa simu.

Nyamburi alimwona anarudi. Alimwona amejaa vumbi, mguu mmoja peku, shati linaning'inia mgongoni, na jinsi alivyopita zizini bila kuinua uso akachomoa fimbo ya kuchungia pale ilipochomekwa. Alijua kitakachofuata. Naye hakusimama mlangoni kumzuia. Alisema, "Mpige miguu. Miguu tu. Tumbo liache."

Alidhani hiyo ni huruma. Na ili fimbo isipotee njia, aliingia ndani, akamkamata Dafroza mikono yote miwili kwa nyuma, akamshikilia.

Fimbo ya kwanza ilitua juu ya magoti. Ya pili, ya tatu, ya nne, zote miguuni kama alivyoagiza. Ngozi ilipasuka. Dafroza alipiga ukelele mmoja, kisha akakaza meno, na Nyamburi alihisi mwili wa yule binti unatetemeka kifuani pake kila fimbo inapotua. Alihesabu hadi kumi na moja.

"Sema hutarudia," alimwambia sikioni. "Sema tu, yaishe."

Dafroza aligeuza uso akamtazama mume wake, fimbo mkononi, jasho likimtiririka.

"Wanaume wenzako wamekuvua kiatu," alisema. "Umekuja kukidai kwangu."

Mwandu akaacha fimbo. Akampiga teke. Halikwenda miguuni.

Nyamburi alilisikia lile teke kupitia mgongo wa Dafroza, kwa sababu bado alikuwa amemshika. Aliachia mikono. Binti akaanguka kifudifudi, akajikunja ubavu, na Mwandu, ambaye hasira yake ilikuwa imeshafungua mlango na haikujua kuufunga, akamwongeza teke lingine kabla mama yake hajamrukia na kumpiga kofi la uso.

"Umemuua! Mwandu! Umemuua!"

"Si wewe uliniletea shambani?" alisema Mwandu. "Si wewe?"

Maji yalitokea kwanza, yakalowesha sakafu ya udongo. Damu ikafuata.

*

Nyamburi alikimbia peku hadi kijiweni. Alipoeleza, madereva walitazamana, kisha mmoja akageuza uso kando.

"Bibi, mwanao ametoka hapa kutupiga sasa hivi. Mwambie ambebe mgongoni."

Alipiga magoti pale kwenye vumbi, mwanamke wa miaka sitini na tatu, mbele ya vijana wa rika la wajukuu zake na wanawake wa gengeni. Hakuna aliyemwinua. Aliyewasha pikipiki alikuwa Gody. Mdomo wake ulikuwa umevimba, jicho moja limeziba.

"Sio kwa ajili yenu," alisema kwa tabu. "Nilibeba samaki zake, nitambeba na yeye. Panda."

Nyumbani wakampakia Dafroza katikati, kichwa chake kimelala mgongoni kwa Gody, Nyamburi nyuma akimzungushia mikono. Damu ilichuruzika kwenye bomba la moshi ikawa inaungua, na harufu ile ikaenda nao njia nzima. Walipofika kituo cha afya, mganga aliuliza.

"Imekuwaje?"

"Alikula samaki," alisema Nyamburi.

Mganga alifunua khanga akaiona miguu. "Hao samaki walikuwa na fimbo?"

"Alianguka."

Mganga hakuwa na muda wa kubishana. Aliweka dripu, akaita gari la wagonjwa, na adhuhuri ilipokuwa inapita walikuwa Bunda, hospitalini, Dafroza akisukumwa kwenye kitanda cha magurudumu na Nyamburi akikimbia kando ameshika viatu vya mkamwana wake, ambavyo havikuwa na mtu wa kuvivaa.

Mtoto alizaliwa saa tisa alasiri. Nyamburi alisimama nyuma ya pazia akasikiliza, na hakusikia kitu. Alisikia sauti za manesi, vyuma, maji, mtu akisema "haraka", lakini kilio hapana. Alikaa sakafuni. Ndiyo hiyo, alijiambia. Samaki. Nilisema mimi. Na ndani ya woga ule, aibu iliyoje kuisema, kulikuwa na nafuu ndogo: basi si teke.

Kisha ikaja sauti nyembamba ya kukwaruza, ikakatika, ikaja tena, ikaendelea. Nesi mmoja alitoka na kitu kilichofungwa kwenye khanga, kidogo kuliko mkate.

"Wa kike. Kilo moja na gramu mia nne. Tulimpumulisha kidogo, sasa anapumua mwenyewe. Wewe ni bibi yake?"

*

Nesi yule aliitwa Jenoveva, mtu mfupi, mwenye amri. Siku ya pili asubuhi alimleta mtoto kwenye wodi, akamwambia Nyamburi afungue gauni.

"Mama yake hana nguvu, anasubiri damu. Mtoto huyu anataka joto la mtu. Ngozi kwa ngozi. Fungua."

Nyamburi alifungua. Kabla hajamkumbatia, alimkagua. Alimtazama kati ya vidole vya miguu, nyuma ya masikio, shingoni, kwapani. Alipitisha kidole mgongoni akitafuta magamba. Jenoveva alimwacha amalize.

"Unatafuta nini, bibi?"

"Mama yake alikula samaki."

"Najua. Kadi yake ya kliniki ninayo. Mwezi wa tano damu saba. Mwezi wa sita nane na nusu. Hiyo ni samaki na mboga, bibi, na vidonge. Angekuja jana na damu saba, kwa jinsi alivyovuja, tungekuwa tunaongea habari nyingine. Samaki aliyepikwa akaiva ni dawa ya mjamzito. Mimi mwenyewe watoto watatu nimewabeba kwa sato."

Alimlaza mtoto katikati ya matiti yale makavu, akafunga kitenge kuwazunguka wote wawili. Mtoto alitulia. Alikuwa na moyo wa mwendo wa kasi, na Nyamburi aliusikia kwenye mfupa wa kifua chake.

"Wewe ulizaa wangapi?" Jenoveva aliuliza, akiandika joto la mtoto.

"Sita. Mmoja hakulia."

"Kwa nini?"

"Nilikula samaki. Hapa hapa Bunda, mnadani. Kipande tu. Mtu akaniona, akamwambia mume wangu, Magige."

"Ulizaa baada ya siku ngapi tangu ule?"

"Kama wiki mbili."

"Na Magige alipoambiwa, alikufanya nini?"

"Alinipiga."

"Ulizaa siku ngapi tangu akupige?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza, na yeye mwenyewe hakuwahi kujiuliza. Wazee walioketi wakati ule waliuliza habari za samaki tu: wa wapi, kiasi gani, alimpa nani. Miaka thelathini na minne alibeba kile kipande cha samaki kama mwizi anavyobeba jina lake. Fimbo ya Magige hakuihesabu kabisa, kwa sababu fimbo ilikuwa kitu cha kila siku.

"Kesho yake," alisema.

Jenoveva alimalizia kuandika, akaenda kwa mgonjwa mwingine, na Nyamburi akabaki ameshika mjukuu wake, analia kwa kubana sauti ili kifua kisimtikise mtoto.

*

Masatu alifika saa nne kutoka Makoko kumtolea dada yake damu. Alipotoka maabara, pamba imebandikwa kwenye mkono, alimkuta Mwandu uani, ameketi kwenye ngazi na mfuko wa machungwa. Masatu alikuwa mvuta nyavu. Alimwinua Mwandu kwa kola, akamgongesha ukutani mara mbili, machungwa yakatawanyika, na walinzi watatu walihitajika kumbandua. Mwandu hakurudisha hata ngumi moja.

Waliporuhusiwa kuingia wodini, mmoja mmoja, Mwandu alikwenda kwa mama yake kwanza. Pua ilikuwa inavuja damu. Alichuchumaa karibu na kiti.

"Mama, Masatu amekwenda polisi. Wanakuja kuuliza. Sema alianguka. Uliwaambia hivyo kule kituoni, ni neno lile lile tu."

"Na yeye atasema nini?" Nyamburi alimwonyesha kwa kidevu kitanda cha Dafroza, aliyelala amefumba macho, mfuko wa damu unaning'inia juu yake.

"Yeye hajasema kitu tangu jana. Akiona wewe umesema alianguka, atasemaje tena? Atarudi kwake wapi? Mama, nitafungwa. Pamba iko shambani. Ng'ombe je? Mimi ni mwanao."

Alikuwa mwanawe. Alikuwa wa mwisho, aliyemfuata yule asiyelia, na Nyamburi alimnyonyesha miaka mitatu kwa woga wa kumpoteza. Alimtazama pua yake akatamani kumfuta. Mkono mmoja ulikuwa chini ya makalio ya mtoto, mwingine kwenye shingo yake, na Jenoveva alikuwa amemkataza kuiachia shingo.

"Jifute damu," alimwambia.

Afande alikuwa mwanamke, Dorah kwa jina, kutoka dawati la jinsia. Alivuta kiti, akafungua fomu juu ya goti. Mwandu akasimama dirishani. Masatu akasimama mlangoni. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaacha hata kukohoa.

"Shikamoo, mama. Wewe ndiye uliyemleta mgonjwa. Kituo cha afya wameandika kwamba alianguka. Ni kweli?"

Nyamburi alimtazama Dafroza. Macho ya binti yalikuwa yamefunguka. Hayakuomba kitu. Yalikuwa yanasubiri tu kuona, kama mtu aliyekwisha kuamua kwamba hataona jipya.

"Hakuanguka," alisema Nyamburi. "Alipigwa. Fimbo miguuni, kumi na moja. Halafu mateke, tumboni. Mawili. Alimpiga huyu hapa, Mwandu, mwanangu wa kumzaa."

"Mama!" Mwandu alisema.

"Kwa sababu gani?" afande aliuliza, kalamu inakwenda.

"Alikula samaki."

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu. Na hiyo samaki haikumfanya kitu. Andika na hiyo."

Afande aliandika. Alifika mwisho wa mstari, akainua uso, akauliza kama wanavyouliza kila siku, bila kutega.

"Na wewe wakati anapigwa ulikuwa wapi, mama?"

Ingekuwa rahisi. Shambani. Kisimani. Mwandu asingempinga, na Dafroza alikuwa hasemi. Mtoto alijinyoosha ndani ya kitenge, akarudi akajikunja.

"Nilikuwa nimemshika," alisema Nyamburi. "Mikono yote miwili, kwa nyuma, asikimbie. Na ni mimi niliyempelekea Mwandu habari shambani, mbele za watu."

Kalamu ilisimama. Afande Dorah alimtazama yule mzee, akatazama kichwa kidogo kilichochomoza kwenye gauni lake, kisha akageuka kumtazama Jenoveva kama anayetaka kuambiwa cha kufanya.

"Basi itabidi twende wote, mama. Kituoni. Wewe na yeye."

"Twende. Lakini huyu hawezi kuwekwa kitandani. Nesi amesema akikaa bila ngozi ya mtu anapoa."

"Mlete," ilisema sauti.

Ilikuwa ya Dafroza. Alikuwa anajaribu kujiinua kwa viwiko, na Masatu alikimbia kumwekea mto mgongoni. Jenoveva alisema bado hana nguvu, akajibiwa kwamba analo joto. Akamfungua shati la hospitali.

Nyamburi alisogea na kiti chake hadi kitandani, akafungua fundo la kitenge. Alimtoa mtoto taratibu, mkono shingoni, akamweka kifuani kwa mama yake. Palipokuwa na mtoto pakapigwa na upepo wa dirishani, pakawa baridi. Alitaka kusema neno. Dafroza alikuwa ameshainamisha uso juu ya mtoto wake na hakumtazama tena.

Nyamburi akafunga vifungo vya gauni, vyote sita, akanyoosha kilemba, akatangulia mlangoni mbele ya afande.